Mnunuzi Si Mwekezaji: Mashine Zisizofika na Lugha ya Kudai Haki

Bonde la Ufa la kati ni nchi ya kuchimba. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, ardhi imetobolewa kwa miongo kadhaa ili mvuke wake uzalishe umeme, na katika kasoko ya Menengai, juu ya jiji la Nakuru, visima vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 2011. Kwa hivyo sikio la mwenyeji wa huku halishtuki linapoambiwa kwamba kuna kitu kingine tena kinachochimbwa kwa nguvu za umeme. Mwezi Juni mwaka 2022, habari zilipotolewa kwamba kampuni ya KenGen iko tayari kuwauzia wachimbaji wa Bitcoin umeme wa mvuke wa Olkaria, neno 'kuchimba' lilipata uzito wa mwamba. Kilichokuwa kikionekana kama mchezo wa vijana wa tarakilishi kikaanza kuonekana kama biashara yenye anwani, tena anwani ya jirani.

Hata hivyo, neno hilo ni sitiari tu, na sitiari, kama wanavyojua wanafunzi wa fasihi, hufichua upande mmoja wa kitu na kuufunika mwingine. Mashine inayoitwa ya kuchimba haichimbi chochote. Ni kasha la chuma lenye chipu maalumu na feni za kupoza joto, na kazi yake ni kubahatisha nambari mara matrilioni kwa sekunde ikishindana na mashine nyingine za dunia nzima. Kila baada ya dakika kumi hivi, mmoja miongoni mwa washindani hao hupatia, naye huzawadiwa sarafu mpya. Zawadi yenyewe hupunguzwa kwa nusu kila baada ya takriban miaka minne. Mwaka 2009 ilikuwa Bitcoin 50. Mwaka 2012 ikawa 25. Mwaka 2016 ikawa 12.5, mwaka 2020 ikawa 6.25; na tangu Aprili 2024 imekuwa 3.125. Wakati huohuo mashine mpya zenye kasi zaidi huingia mashindanoni na kuziacha zile kongwe zikila umeme bila faida.

Ufafanuzi huo si wa kupamba maandishi. Unaeleza kwa nini mashine ya aina hii inapochelewa haiwi tena mashine ileile. Mkulima wa Molo au Njoro hahitaji kuelezwa jambo hili kwa mapana. Mbegu ya mahindi iliyoagizwa kwa ajili ya mvua za masika ikifika mwezi wa Agosti, gunia ni lilelile na chapa ni ileile, lakini aliyeiuza hakuleta alichoahidi. Tarehe ilikuwa sehemu ya bidhaa. Muuzaji anayepokea pesa za mashine mwezi wa Januari, akaahidi kuileta Machi, kisha akaleta visingizio hadi Disemba, amemnyima mnunuzi kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kwa kuleta kasha lenyewe mwaka unaofuata. Jambo la pekee linaloweza kurudishwa ni pesa.

Hapo ndipo penye mgogoro wa makala haya. Watu wanaolipia mashine kama hizi na wasizipate huwa wanazungumza kana kwamba wamepoteza mchezo. Husema kwamba waliwekeza, kwamba uwekezaji una hatari zake, kwamba bahati haikuwa yao. Wenye aibu hunyamaza kabisa. Ni nadra mtu kusema kauli sahili iliyo sahihi zaidi: alinunua kitu, akalipa, kitu hakikuletwa, na sasa anadai pesa zake. Tofauti baina ya kauli hizo mbili si ya mtindo tu. Kila moja inamwelekeza msemaji kwenye mlango wake wa sheria, na mlango wa 'nilinunua' una ufunguo ambao mlango wa 'niliwekeza' hauna.

Wahenga walikwisha kulitazama jambo hili kwa jicho la kicheko. Katika mojawapo ya hekaya zake zijulikanazo sana, Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, kisha anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani yake na kudai kwamba imezaa. Jirani anafurahi na kupokea vyote viwili bila swali. Safari ya pili sufuria hairudi. Abunuwasi anasema imekufa. Jirani anapopinga anaulizwa: iliwezekanaje sufuria izae na isiwezekane ife? Aghalabu hekaya hii husomwa kama karipio kwa mlafi, na usomaji huo ndio unaotumiwa hadi leo kumnyamazisha kila aliyetapeliwa. Lakini soma tena kwa makini. Hoja ya Abunuwasi inasimama kwa sababu jirani amekubali kuzungumza lugha ya uzazi na mauti. Laiti angesema tangu mwanzo kwamba aliazimisha chombo na anataka chombo chake, hekaya ingekosa utamu na kadhi angekuwa na kazi nyepesi. Mnunuzi wa mashine anayejiita mwekezaji amekwisha kukubali kwamba sufuria huzaa.

Kenya ina kumbukumbu chungu za lugha hiyo. Mnamo miaka ya 2006 na 2007, mipango ya upatu wa piramidi ilienea nchini, ukiwemo ule wa DECI uliojulikana mno, na ilipoanguka iliwaacha walimu, wakulima na wafanyabiashara wadogo mikono mitupu. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kwamba zaidi ya watu 148,000 walikuwa wamepoteza takriban shilingi bilioni 8. Waathiriwa walikuwa wameitwa 'wanachama' na 'wawekezaji' tangu siku ya kwanza, na majina hayo waliendelea kujiita hata walipokuwa wakilia. Ni kweli kwamba wengi wao hawakuwa wamenunua kitu chochote cha kushikika. Waliweka pesa wakingoja pesa. Yafaa ikumbukwe, kwa kuwa walaghai wa sarafu za kidijitali wamejifunza kuchanganya mambo haya mawili makusudi. Nchini Marekani, waendesha mashtaka walieleza mwezi Disemba 2019 jinsi mtandao wa BitClub ulivyokusanya dola zipatazo milioni 722 kwa kuuza hisa katika uchimbaji wa Bitcoin uliodaiwa kuwepo. Aliyelipa pale hakuahidiwa kasha lolote mlangoni pake. Mtu wa namna hiyo ana kesi, lakini si kesi inayozungumziwa hapa. Hapa anazungumziwa aliyeahidiwa chombo.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu chombo kisichofika ni cha kampuni ya Butterfly Labs ya jimbo la Kansas, Marekani. Kampuni hiyo ilitangaza mashine za kuchimba Bitcoin kwa bei za kuanzia dola 149 hadi dola 29,899, nayo ilitoza pesa zote kabla ya kuunda mashine. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya nchi hiyo, kufikia Septemba 2013 zaidi ya wateja 20,000 walikuwa wamelipa na hawajapokea kitu. Na hata mashine zilizofika, nyingi zilikuwa na kasoro au zilikuwa zimepitwa na wakati. Septemba 2014 Tume ikaenda mahakamani. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba haikwenda kubishana kuhusu Bitcoin ni sarafu au si sarafu, wala ikiwa ni halali au haramu. Hoja yake ilikuwa kuukuu kama soko lenyewe: muuzaji alisema ataleta na hakuleta. Februari 2016 ulifikiwa mwafaka wenye hukumu ya takriban dola milioni 38.6 dhidi ya kampuni na mmoja wa wakuu wake, ingawa sehemu kubwa ya kiasi hicho ilisimamishwa kwa sababu walioshtakiwa hawakuwa na uwezo wa kulipa. Msomaji asiruke sentensi hiyo ya mwisho. Ushindi wa mahakamani na pesa mkononi ni ndugu wasiofuatana daima.

Kampuni nyingine, HashFast ya San Jose, California, ilizua swali gumu zaidi. Mwaka 2013 iliuza mashine kwa ahadi ya kuzifikisha kabla ya mwaka kwisha, la sivyo pesa zirudishwe. Wanunuzi wengi walilipa kwa Bitcoin. Baina ya siku ya kulipa na siku ya kudai, bei ya Bitcoin ilikuwa imepanda mara kadhaa. Je, kurudisha ni kurudisha sarafu zilezile kwa idadi yake, au thamani ya dola ya siku ya malipo? Kampuni ilichagua dola za siku ya malipo. Wateja wakataka sarafu. Mashauri yakafunguliwa, na mwaka 2014 kampuni ikaingia katika ufilisi. Swali hilo si la Wamarekani pekee. Yeyote wa Gilgil au Nakuru anayelipia kwa sarafu ya kidijitali aandike mapema, kwa maneno, kitakachorudishwa ni nini. Anayelipia kwa shilingi kupitia M-Pesa ana wepesi mkubwa kumshinda: kiasi kinajulikana, tarehe inajulikana, na jina la aliyepokea limo katika ujumbe.

Sasa sheria za Kenya zinasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa zinazohitajika, haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa. Bunge likatunga Sheria ya Kumlinda Mtumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012. Sheria hiyo ina masharti mahususi kuhusu mikataba inayofanywa kupitia intaneti, na kuhusu mikataba ambayo utekelezaji wake ni wa baadaye. Kwa mikataba ya aina hii ya pili, muuzaji asipoleta bidhaa ndani ya siku 30 baada ya tarehe iliyoandikwa, mnunuzi anaweza kuufuta mkataba wakati wowote kabla ya bidhaa kuletwa. Haki hizo, isitoshe, haziondolewi na saini. Muuzaji aliyeandika katika fomu yake kwamba pesa hazirudishwi kwa hali yoyote ameandika jambo ambalo sheria haimlazimishi mnunuzi kuliheshimu. Nyuma ya sheria hii ipo nyingine iliyo kongwe zaidi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo inampa mnunuzi haki ya kudai fidia kwa bidhaa isiyoletwa. Hiyo haijui tofauti ya mashine ya kuchimba Bitcoin na mashine ya kusaga mahindi, na wala haihitaji kuijua.

Pana nukta mbili ndani ya sheria hiyo ya mwaka 2012 zinazostahili kukaziwa macho na mwanafunzi wa lugha. Ya kwanza ni fasili ya mtumiaji. Katika nchi nyingi mtumiaji ni yule anayenunua kwa matumizi ya nyumbani, na anayenunua kwa ajili ya biashara hutolewa nje. Sheria ya Kenya ina fasili pana zaidi: mtumiaji ni pamoja na mtu yeyote anayetangaziwa bidhaa katika shughuli za kawaida za muuzaji na mtu yeyote aliyefanya naye mapatano. Anayenunua kasha moja la kuweka chumbani pake mtaani Section 58 kwa matumaini ya kupata faida hapotezi jina la mtumiaji kwa sababu ya matumaini hayo. Nukta ya pili inakwenda kinyume. Sheria imeziacha nje huduma za kifedha zinazohusu uwekezaji, kwa kuwa hizo zina sheria na wasimamizi wake. Hivi ndivyo neno moja linavyoweza kumgharimu mtu. Muuzaji mjanja anayekiita kila kifurushi 'mpango wa uwekezaji' na kila mteja 'mwekezaji' hatumii maneno hayo kwa kupenda fahari tu, anajijengea uchochoro. Naye mteja anayeyarudia maneno hayo katika barua yake ya kulalamika humsaidia kuujenga.

Sheria ya Watoaji Huduma za Mali Pepe iliyotiwa saini mwezi Oktoba 2025 haikuubomoa uchochoro huo. Imeweka utaratibu wa leseni kwa watoaji huduma, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na ni hatua ya maana kwa nchi ambayo Benki Kuu yake ilikuwa imetoa tahadhari tupu tangu Disemba 2015. Lakini aliyeuziwa kasha la chuma lisilofika bado anategemea sheria ya kawaida ya kuuza na kununua. Pengine ni heri iwe hivyo.

Wapo wanaokimbilia kituo cha polisi. Hawakosei kwenda, ila mara nyingi hurudi wakiwa wamevunjika moyo, na sababu moja imo katika maneno ya Kanuni ya Adhabu yenyewe. Kosa la kujipatia mali kwa ulaghai linahitaji kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. 'Nina mashine kumi bohari', ilhali hana hata moja, ni uongo wa namna hiyo. 'Nitakuletea mashine mwezi ujao' ni ahadi, na ahadi isiyotimizwa si lazima iwe jinai. Muuzaji mzoefu hujua kuzungumza kwa wakati ujao. Angalia matangazo yao: vitenzi vyote vimebeba '-ta-'. Utafaidi, utapokea, utajitegemea. Sheria ya jinai huteleza juu ya kiambishi hicho, lakini sheria ya mkataba hukishika, kwa kuwa mkataba wenyewe si kitu ila ahadi ya wakati ujao yenye malipo. Ni ajabu kwamba somo la nyakati za vitenzi, ambalo wanafunzi wengi huliona kavu, linaweza kuamua mtu aelekee ofisi gani.

Ofisi inayomfaa ipo, na iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016. Mwaka 2020 kiwango cha madai kikapandishwa kutoka shilingi 200,000 hadi shilingi milioni 1. Na mahakama ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021, kabla ya nyingine kusambazwa hadi miji kama vile Nakuru. Miongoni mwa mambo inayoyasikiliza ni mikataba ya uuzaji wa bidhaa na madai ya fedha zilizopokewa na mtu asiyestahili kukaa nazo. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Shauri linapaswa kukamilika katika siku 60, na mahakama haifungwi kikamilifu na kanuni ngumu za ushahidi. Chukua mfano wa kudhania wa mwalimu wa Naivasha aliyemlipa wakala wa Nakuru shilingi 180,000 kwa M-Pesa. Ana ujumbe wa malipo, ana mazungumzo ya simu yaliyoandikwa, ana tangazo lenye tarehe ya kuletewa. Akizichapisha kumbukumbu hizo na kuziambatisha na hati ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, ambayo Sheria ya Ushahidi inaitaja, amekwisha kufanya kazi kubwa. Wala wakala hawezi kuponyoka kwa urahisi kwa kusema kwamba mashine ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo. Yeye ndiye aliyepokea pesa, na sheria ya kumlinda mtumiaji inashika hata pale ambapo mmoja tu wa wahusika yuko Kenya.

Isidhaniwe kwamba hapa inauzwa ndoto nyingine. Muuzaji aliye ng'ambo, asiye na wakala wala mali nchini, anaweza kushindwa kesi na asijue hata kwamba alishtakiwa. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine huishia kwa mtu asiye na hatia. Wakala aliyekwisha kuzitumia pesa atakubali deni na kuomba alipe kidogo kidogo, naye mdai atakuwa na karatasi yenye muhuri na mfuko mtupu. Wenyeji wa Nakuru wanajua kungoja malipo. Wakulima wa pareto wa eneo hili walikaa miaka mingi wakidai pesa za maua waliyokwisha kuyapeleka kwenye bodi. Ukweli huo haupaswi kufichwa. Hata hivyo, madai yasiyoandikwa hayana hata nafasi hiyo finyu, na wakala mwenye duka, jina na jirani huogopa wito wa mahakama kuliko anavyoogopa matusi ya simu.

Pingamizi moja husikika mara kwa mara, hasa kutoka kwa wasomi. Husemwa kwamba waathiriwa hawa waliongozwa na tamaa, na kwamba sheria haikuwekwa kuokoa wenye tamaa. Hoja hii ina sura ya hekima lakini haina mizizi. Mkulima anayenunua ng'ombe wa maziwa ana tamaa ya maziwa. Mwenye matatu ananunua gari kwa tamaa ya nauli. Hakuna hakimu anayemwuliza mnunuzi wa ng'ombe alitarajia lita ngapi kabla ya kumwamuru muuzaji alete ng'ombe. Mtu anaweza kuwa mpumbavu katika matarajio yake na bado akawa na haki kamili ya kuletewa alicholipia. Kumchanganyia mambo hayo ni kumwadhibu mara mbili.

Linalobaki ni la lugha, na ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia hukumuni. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Bunge la Taifa lilizindua Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili mwaka 2019. Nchini Tanzania, sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini sheria za Kenya zinazomgusa mtu sokoni bado zinatungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza, na mnunuzi wa Njoro hukutana na haki zake katika lugha ambayo muuzaji pia huitumia kumtatiza.

Si kwamba Kiswahili kinakosa maneno. Tatizo ni kwamba maneno yaliyopo hayajapangwa. Huyu mtu anayelindwa na sheria ni nani: mtumiaji, mteja, mnunuzi au, kama wasemavyo Watanzania, mlaji? 'Mteja' ni wa duka na wa mganga. Anarudi kwa hiari yake na anaondoka kwa hiari yake. 'Mlaji' lina uzito katika sheria za ushindani za Tanzania, ila kwa sikio la Mkenya linanuka ufisadi, kwa kuwa hapa anayekula ni anayeiba. 'Mtumiaji' limezoeleka, na lina kasoro ya kudokeza kwamba mtu amekwisha kukitumia kitu, ilhali mhusika wetu hajakiona. Kwa madhumuni ya madai haya, 'mnunuzi' ndilo linalosema kweli, na 'mtumiaji' libaki pale linapotajwa jina la sheria. Hali kadhalika neno 'marejesho', ambalo wengine wangependa kulitumia kwa pesa zinazorudishwa na muuzaji, limekwisha kutekwa na vikundi vya mikopo: marejesho ni pesa anazolipa mkopaji. Mnunuzi anayeandika kwamba anaomba marejesho yake anaweza kueleweka kinyume. 'Kurudishiwa pesa' ni refu kidogo, lakini halina mtego.

Ipo pia hazina ambayo haijaguswa. Pesa zinazotangulizwa kabla ya bidhaa Kiswahili kimeziita arbuni tangu zamani, na kamusi zinaorodhesha umbo lake jingine, rubuni. Kitenzi kurubuni, nacho, ni kumhadaa mtu kwa maneno matamu. Wanaisimu wataamua kama maneno hayo mawili ni ndugu wa damu au yamekutana njiani tu. Mtumiaji wa lugha hahitaji kungoja uamuzi huo ili aone kwamba jamii ya wafanyabiashara wa pwani ilijua jinsi malipo ya kutanguliza yalivyo jirani na hadaa. Leo neno linalotawala ni 'dipoziti', lisilomwonya mtu yeyote.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimeandaa makongamano mengi kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia, na si vibaya. Lakini istilahi zinazobaki katika kumbukumbu za makongamano ni kama mashine ya Butterfly Labs: zimelipiwa na hazijafika. Chama kilicho Njoro au Nakuru kinaweza kutenga Jumamosi moja kila mwezi, kikae na wanafunzi wa sheria, kikatafsiri sehemu ya mikataba ya intaneti na ya utekelezaji wa baadaye, kisha kikaiandika upya katika Kiswahili kinachoweza kusomwa kwa sauti sokoni. Karatasi mbili zingetosha. Na pamoja nazo, kielelezo cha barua ya madai, kwa kuwa barua ndiyo inayotangulia mahakama na mara nyingine huiepusha. Barua yenyewe haihitaji madoido. Ingeweza kusomeka hivi:

'Kwa muuzaji. Tarehe iliyoandikwa hapa chini nilinunua kwako mashine moja kwa bei iliyoandikwa hapa chini, na nikalipa yote kwa M-Pesa kwa nambari uliyonipa. Uliahidi kuileta kufikia tarehe iliyo katika tangazo lako, ambalo nimeliambatisha. Siku 30 zimepita baada ya tarehe hiyo na mashine haijaletwa. Kwa barua hii naufuta mkataba wetu kwa mujibu wa Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Sitaki mashine nyingine badala yake, wala kuongezewa muda, wala kuhamishiwa katika mpango wowote. Nataka kurudishiwa pesa nilizolipa, kwa nambari ileile zilikotoka, katika muda wa siku 15 tangu upokee barua hii. Usipofanya hivyo, nitawasilisha madai yangu katika Mahakama ya Madai Madogo ya Nakuru bila kukujulisha tena. Mimi, mnunuzi.'